Nilinyamaza Kikaoni, Karani Akaandika Kwamba Tumeafiki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 34, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikitumia likizo ya Juni kujitolea katika kambi ya muziki ya vijana inayofanyika hapa Mtwara, si mbali na Mikindani. Kambi hiyo iliasisiwa na mume na mke waliolelewa katika dhehebu la Marafiki huko magharibi mwa Kenya, dhehebu ambalo wengine hulijua kwa jina la Quaker. Wengi wetu, walimu na wafanyakazi, si waumini wa dhehebu hilo. Mimi ni Mwanglikana wa Masasi, na mpishi wetu mkuu pamoja na mlinzi ni Waislamu. Hata hivyo tulikubali kufuata utaratibu wao. Kila asubuhi kabla ya mazoezi, walimu na vijana tunakaa pamoja kimya kwa dakika 20, na maamuzi ya kambi hufanywa kikaoni bila kupiga kura: tunasema, tunanyamaza, tunasema tena, mpaka karani wa kikao aone kwamba tumefikia neno moja. Nimeupenda sana utaratibu huo, na ndiyo maana yaliyotokea mwaka huu yananinyima usingizi.

Tulikuwa na vijana 42 wenye umri wa kati ya miaka 11 na 17, kwa wiki tatu, katika majengo ya shule tuliyokodi. Mimi nilifundisha sauti ya kwanza na ya pili, na pia nilishika ufunguo wa stoo ya vyombo vya muziki. Mwalimu mkuu wa muziki ni mzee mmoja anayeishi Lindi mjini, ambaye ndiye aliyenifundisha solfa, yaani kusoma nyimbo zilizoandikwa kwa herufi za do, re, mi, nikiwa kidato cha pili. Karibu kila ninachokijua katika uimbaji nimekipata kwake. Fundi wa ngoma ni mzee wa Kimakonde ambaye hakusoma solfa, lakini vijana wakikaa naye nusu saa hutoka wakipiga mapigo matatu yanayopishana bila kugongana. Mwaka wa kwanza waandaaji walitaka tuitane kwa majina tu, wakubwa kwa wadogo, kwa kuwa ndivyo Marafiki wengi wanavyofanya, na mzee huyo alipoitwa kwa jina lake na mtoto wa miaka 12 alikunja mkeka wake akaenda kukaa chini ya mwembe. Jambo hilo tuliliacha bila kulizungumza.

Miongoni mwa vijana wa mwaka huu alikuwamo mvulana wa miaka 13 kutoka upande wa Newala, aliyekuja na ngoma ndogo aliyoachiwa na babu yake. Siku ya pili asubuhi nilimkuta nyuma ya jiko. Umande wa usiku ulikuwa umelegeza ngozi, naye alikuwa ameiinamisha ngoma mbele ya moto wa makumbi, akiizungusha polepole, kisha anaigonga kwa ncha ya kidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Alifanya hivyo labda mara nane. Aliporidhika alitabasamu peke yake. Siku tatu baadaye, kwenye mazoezi ya kwaya, mwalimu mkuu alimsimamisha aimbe mstari mmoja kutoka kwenye karatasi ya solfa. Mtoto hajui kusoma solfa, akakosea. Akarudishwa mara ya pili, ya tatu, hadi ya sita, wenzake wote wakimtazama, na mwishoni mwalimu akasema kwamba ana masikio ya gogo. Vijana wakacheka. Kufikia chakula cha jioni jina lake lilikuwa Gogo.

Tangu siku hiyo hakula tena na wenzake. Tulipochemsha ming'oko, ambayo watoto wa huku huigombania, yeye alichukua yake akaenda kukaa na mpishi. Siku tano kabla ya kambi kwisha, mjomba wake alikuja kumchukua akisema mama anamhitaji shambani, kwa kuwa ni wakati wa kupulizia mikorosho dawa. Ngoma ilibaki stoo.

Siku ya kufunga tulifanya kikao cha walimu. Mpishi, mlinzi na fundi wa ngoma hawakuitwa. Mwalimu mkuu alipendekeza kwamba mwakani kila kijana apimwe kusoma solfa kabla ya kupokewa, ili kiwango cha kwaya kipande na wafadhili waone matunda ya fedha zao. Kwamba ngoma iondolewe kwenye masomo iwe burudani ya jioni. Na kwamba fundi wa ngoma ahesabiwe kuwa mfanyakazi msaidizi, mwenye posho ya shilingi 8,000 kwa siku badala ya 20,000 ya walimu. Mwenzetu mmoja aliongeza kwamba ngoma zenyewe zina asili ya jando na haziendani na kambi ya kidini. Kisha ukaja ukimya mrefu. Nilikuwa nikitazama sakafu, nina maneno tele moyoni, lakini mbele ya mwalimu wangu mdomo haukufunguka. Karani akasema anaona tumeafikiana. Wiki tatu baadaye muhtasari umeletwa kwenye kundi letu la WhatsApp, umeandikwa: "Wote waliafiki."

Shangazi, je, nina haki ya kufungua jambo nililolifunga mwenyewe kwa kunyamaza? Rafiki yangu mmoja ananishauri niwaandikie wafadhili moja kwa moja, mwingine anasema nijitoe kimyakimya. Nitamkabilije mwalimu wangu? Na ngoma hii niifanyie nini?

Wako,
Mwalimu wa kwaya, Mtwara


Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama mahali palepale. Mtoto wa miaka 13 ameondoka kambini kabla ya wakati na kuacha ngoma aliyoachiwa na babu yake, na katika barua nzima sikuona mtu mzima hata mmoja wa kambi aliyekwenda kumwuliza ana hali gani. Mpiga ngoma hasahau ngoma yake. Kwa hiyo nitaanza na mtoto huyu, ndipo tuje kwenye kikao, kwa sababu lake halihitaji kusubiri maafikiano ya mtu yeyote.

Kambi inapompokea mtoto kwa wiki tatu inashika nafasi ya mzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na pamoja na kukataza kumtesa inakataza pia kumtendea mambo ya kumdhalilisha. Sisemi ukimbilie polisi kwa ajili ya neno "gogo". Ninachosema ni kwamba kumsimamisha mtoto mara sita mbele ya wenzake 41 mpaka achekwe hakumfundishi kitu, na watu wazima walioshuhudia, wewe ukiwamo, wana deni kwake. Nenda kwao mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Kwa kuwa unasema aliyekuja kumchukua ni mjomba, nawe unajua uzito wa mjomba katika familia za Kimakonde, omba kuzungumza naye pamoja na mama. Waeleze ulichokiona bila kukipamba na bila kumtetea mtu, na uombe radhi kwa upande wako wewe uliyekuwapo ukanyamaza. Kisha, kwa ruhusa yao, keti na mtoto. Mwambie kwamba ulimwona nyuma ya jiko asubuhi ile. Mweleze kwamba mtu anayeweza kusikia ngozi ikipanda sauti kidogo kidogo motoni, akajua wakati hasa wa kuiondoa, ana sikio ambalo wanakwaya wengi hulitafuta kwa miaka. Usimwambie hivyo kwa kumbembeleza. Mwambie kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa mwalimu mmoja wa muziki alikwisha kumwambia uongo kuhusu masikio yake mbele ya watu.

Ukiwa huko, sikiliza vizuri. Ukiambiwa kwamba kulikuwa na zaidi ya maneno, kwamba alipigwa au alifanyiwa jambo baya na mtu yeyote, hapo mambo ya karani na muhtasari yaweke kando kabisa. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo haitozwi fedha.

Sasa tuje kwenye kikao. Unauliza kama una haki ya kufungua ulichokifunga kwa kunyamaza. Jibu langu ni kwamba hukufunga kitu, na nitakueleza kwa nini naamini hivyo.

Huku kwetu mdogo akinyamaza mbele ya mkubwa huhesabiwa kuwa na adabu. Binti akiulizwa kama ameridhia posa, akainamisha kichwa na kunyamaza, wazee husema ameridhia na mambo yanaendelea. Wewe umekulia katika malezi hayo, na mwalimu wako pia. Kwa Marafiki kimya kina kazi nyingine kabisa. Wananyamaza ili kila mmoja asikilize, akitumaini kwamba Mungu anaweza kusema kupitia mtu yeyote aliyemo chumbani, awe karani au mfua nguo, na anayesukumwa kusema anatarajiwa aseme. Hawapigi kura kwa sababu hawataki wengi wawameze wachache. Ndiyo maana kwao mtu mmoja asiyeungana na uamuzi hapuuzwi: anaweza kuomba jambo lisubiri, au akasimama kando, wenzake wakaendelea huku muhtasari ukionyesha kwamba yeye hakuungana nao. Chumbani mwenu siku ile vimya viwili vilikutana, wewe ukinyamaza kwa adabu ya kwetu na karani akakisoma kimya chako kwa desturi ya Marafiki. Sidhani alikusudia ubaya. Lakini karani wa kambi iliyoko Mtwara, akiwa na walimu wa Mtwara na Lindi mbele yake, hana budi kujua kwamba kimya cha hapa hakisomeki kirahisi, na alipaswa kuwauliza mmoja mmoja, hasa wale waliokuwa wakitazama sakafu.

Kuna jambo jingine la utaratibu ambalo huenda hukulijua. Katika vikao vya Marafiki vinavyofuata desturi ya kale, muhtasari wa uamuzi huandikwa palepale, karani akausoma kwa sauti, na waliopo wakausahihisha kabla hawajaondoka. Maana yake ni kwamba kila mtu anasikia kwa masikio yake kile kinachodaiwa kuwa ameafiki. Muhtasari unaoletwa kwenye simu baada ya wiki tatu bado ni rasimu, na rasimu husahihishwa. Isitoshe, watu watatu ambao uamuzi uliwagusa hawakuitwa. Kikao kinachotafuta neno moja hakiwezi kulipata kwa kuacha nje wenye neno.

Na iwapo mtu atakwambia kwamba yaliyoamuliwa yameamuliwa, mkumbushe, kwa upole, historia ya hao ambao kambi inafuata njia yao. Marafiki walianza Uingereza katikati ya karne ya 17 pamoja na George Fox, na kwa karne mbili hivi wengi wao waliuona muziki kuwa anasa inayomtoa mtu kwenye utulivu wa moyo. Ibada zao hazikuwa na kinanda wala nyimbo zilizopangwa, na nyumba nyingi hazikuruhusu chombo cha muziki kuingia mlangoni. Walibadilika polepole, kwa watu kusema kikaoni yaliyokuwa moyoni mwao. Wamisionari wa dhehebu hilo kutoka Marekani walipofika Kaimosi mwaka 1902 nyimbo zilikuja nao, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko zote, nao wanaimba kwa sauti zote nne. Huko Marekani kwenyewe, katika jimbo la Ohio, Marafiki walianzisha kambi ya muziki ya vijana mwaka 1980. Kama wasingekuwa tayari kufungua upya yaliyokwisha kuamuliwa na babu zao, kambi yenu isingekuwapo.

Kwa hiyo mwandikie karani. Mwandikie yeye peke yake, usiandike kwenye kundi, kwa sababu kwenye kundi watu hujibu haraka na mwalimu wako ataaibishwa kama alivyoaibishwa mtoto. Maneno yawe machache. Ningekuwa mimi ningeandika hivi: "Shikamoo. Nimesoma muhtasari wa kikao chetu cha kufunga kambi. Naomba radhi kwa kutosema siku ile lililokuwa moyoni mwangu. Kunyamaza kwangu hakukuwa kuafiki. Siungani na uamuzi wa kuwapima vijana solfa kabla ya kuwapokea, wala uamuzi kuhusu nafasi na posho ya fundi wa ngoma. Naomba jambo hili lirudishwe kikaoni, na fundi wa ngoma, mpishi na mlinzi waitwe. Naomba pia tuzungumze kuhusu kijana aliyeondoka mapema." Usiongeze sababu. Sababu zitapata nafasi yake kikaoni.

Lakini ujumbe huo usiutume kabla hujafika Lindi. Mwalimu wako asilisikie hili kwanza kwa karani. Ni safari ya saa chache kwa basi, na mtu aliyekupa sauti yako anastahili kuisikia kwa mdomo wako. Mpigie uombe kumtembelea, usimwambie sababu kwenye simu, na ukifika umsalimie kama ulivyomsalimia ukiwa kidato cha pili. Mshukuru kwanza, na umshukuru kwa jambo mahususi unalolikumbuka. Kisha mweleze ulichokiona nyuma ya jiko: moto wa makumbi, kidole, mtoto akisikiliza. Yeye ni mwanamuziki. Hadithi ya mtoto anayepandisha sauti ya ngozi kwa moto itamwingia kuliko hotuba yoyote kuhusu malezi. Ukishamaliza hapo ndipo umwambie mtoto huyo ni nani, na kwamba aliondoka akiitwa Gogo. Unyamaze. Hapo kimya kitafanya kazi yake.

Nimefundisha shule za msingi huko Lindi kwa miaka mingi, na nimekuwa mkali kuliko nilivyopaswa kuwa. Mtoto mmoja aliniambia akiwa mtu mzima kwamba aliacha kuimba kwa sababu yangu. Nilikuwa nimelisahau kabisa tukio lenyewe. Mwalimu wako naye huenda amesahau, na usimhukumu kwa hilo, ila usimwache asahau. Wengi wa kizazi chetu tulifundishwa hivyohivyo, tukaamini kwamba aibu hunoa sikio. Haimnoi mtu. Koo hukaza mtoto akiogopa, pumzi hupanda kifuani, na sauti inapotea hata kwa yule aliyekuwa nayo. Wewe unayefundisha soprano umeliona hilo mara ngapi? Muulize mwalimu wako jambo hilo kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu, kwa kuwa majibu anayo.

Akikasirika, ondoka kwa heshima. Ukishasema ukweli kwa adabu umemtendea haki, na kukubali ni kwake.

Kuhusu kipimo cha solfa nina la kusema, kwa kuwa naipenda solfa na nimeimba alto kwa hiyo solfa tangu ujana wangu. Njia hii ilitungwa na mwalimu wa kike wa Uingereza, Sarah Glover, na kuanzia miaka ya 1840 kasisi John Curwen akaieneza ili watoto na wafanyakazi ambao hawakuwa na fedha za kinanda wala mwalimu waweze kuimba kwa kusoma. Ndiyo maana ilisafiri hadi kwetu, na kwaya za vijiji visivyo na umeme zinaimba sauti nne kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Kuifanya leo kuwa mlango wa kuwazuia wasioisoma wasiingie ni kuigeuza kinyume na sababu yake. Kambi ndiyo mahali pa kuifundisha. Kama mtoto angekuja akiijua, angekuja kwenu kufanya nini?

Wewe ni wa Masasi, kwa hiyo jina la Trevor Huddleston si geni kwako, kwani alikuwa askofu wenu kuanzia mwaka 1960 hadi 1968. Kabla ya hapo, akiwa kasisi Johannesburg, alikuwa na kijana msumbufu shuleni aitwaye Hugh Masekela. Alimwuliza anataka nini ili atulie, kijana akajibu kwamba anataka tarumbeta, naye akamtafutia. Hakumpima kwanza. Ulimwengu mzima ulikuja kuisikia tarumbeta hiyo. Yule mwenzenu anayehofia asili ya jando naye angefaa kuangalia hukohuko Masasi: askofu Vincent Lucas, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, hakuzipiga marufuku desturi za jando kwa waumini wake. Alikaa na wazee, wakapatana jando lenye sala za Kikristo ndani yake. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu kazi hiyo, lakini haiwezekani kusema kwamba kanisa la kusini halijawahi kukaa mkeka mmoja na fundi wa ngoma.

Nafasi ya mzee huyo ndiyo inayoniuma zaidi baada ya ile ya mtoto. Marafiki wa mwanzo walifungwa jela kwa sababu walikataa kuvua kofia mbele ya wakubwa, wakisema binadamu wote ni sawa. Katika pwani yetu hii, mwaka 1897, utumwa ulipoacha kutambuliwa kisheria Zanzibar, Marafiki wa Uingereza walianzisha shamba la karafuu huko Banani, Pemba, ili waliotoka utumwani wapate kazi ya ujira. Watu wa asili hiyo hawawezi kumlipa mwalimu mmoja shilingi 20,000 na mwingine 8,000 kwa sababu tu mmoja anaandika kwa herufi na mwingine anafundisha kwa mkono. Anafundisha, basi ni mwalimu. Kama fedha hazitoshi, posho ya wote ipungue kwa usawa, na mpishi aliyempa hifadhi yule mtoto jikoni, alipokosa mahali pengine pa kula, naye afikiriwe.

Lile la majina mliloliacha bila kulizungumza, lizungumzeni mwaka huu. Waandaaji walikuwa na nia njema, lakini walichukua usawa wa nchi nyingine wakauleta bila kuushona upya. Kwa Mmakonde mwenye mvi, kuitwa kwa jina na mtoto wa miaka 12 ni kushushwa. Usawa wa kwetu unaweza kupatikana kwa kuwapandisha wote: vijana wampe shikamoo mwalimu wa solfa, wampe na fundi wa ngoma, wampe mpishi anayekoroga uji alfajiri na mlinzi anayefungua geti, na kila mmoja wao aitwe Mwalimu, Mzee, Mama au Bibi kwa uzito uleule. Saa moja kwa siku walimu wote, mwalimu mkuu akiwamo, wakae chini mbele ya fundi wa ngoma kama wanafunzi, wakosee mbele ya vijana, na vijana waone mtu mzima anavyokosea bila kudhalilishwa. Hili lipendekeze wewe mwenyewe kikaoni.

Wafadhili usiwaandikie sasa. Wao hawakuwapo, na barua yako ingefika kama mashtaka kabla watu waliokuwapo hawajapewa nafasi ya kujirekebisha. Lakini ukienda Lindi, ukamwandikia karani, kikao kikaitishwa na bado ikaamuliwa kwamba watoto wapimwe na mzee ashushwe, basi omba iandikwe kwamba hukuungana na uamuzi huo, na hapo una hiari ya kuendelea au kujitoa. Kujitoa baada ya kusema ni jambo la heshima. Kujitoa kimyakimya kungekuwa kunyamaza mara ya pili.

Ngoma ipeleke wewe mwenyewe siku utakayokwenda kwa mama yake, na uende huko kwanza kabla ya Lindi, ili ukifika kwa mwalimu wako uwe unajua hali ya mtoto. Kabla ya safari itoe stoo uikague ngozi, kwa kuwa wiki tatu bila hewa huleta ukungu na panya hupenda ngozi ya ngoma. Ikiwa na ukungu, ifute kwa kitambaa kikavu na uianike kivulini, usiianike juani isije ikapasuka. Ifunge kwa kanga, na kwenye basi uipakate. Usiipashe moto wala usiipige kuijaribu. Itakuwa imelegea ukifika, na anayejua kuiamsha yuko huko.

Shangazi